Msingi wa Nguvu Asilia Kabla ya Steroidi: Ushauri Unaolinda Kano Lakini Haulindi Moyo

Miongoni mwa wanyanyua vyuma na watunisha misuli upo ushauri ambao karibu kila anayeanza huusikia mapema: jenga kwanza msingi wa nguvu kwa mwili wako mwenyewe, fanya hivyo kwa miaka, na ukishafika ukomo wako wa asili ndipo ufikirie steroidi, yaani dawa za kukuza misuli zinazoiga testosteroni, homoni ya kiume. Mara nyingi wanaoutoa ni watu wazoefu waliokwisha kuona vijana wakiumia, na kwa sababu hiyo haufai kupuuzwa. Hata hivyo, naona umefunga pamoja mambo mawili yasiyolingana uzito. La kwanza ni kwamba msingi ni wa lazima, na hilo ni kweli. La pili ni kwamba msingi humwandaa mtu kutumia dawa hizo kwa usalama, na hilo lina ukweli kwa upande wa kano na viungo, lakini si kwa upande wa moyo wala wa homoni.

Katika wiki za mwanzo za mazoezi, nguvu huongezeka haraka kuliko ukubwa wa misuli, kwa sababu mfumo wa neva ndio unaojifunza kwanza: hujifunza kuziita nyuzi nyingi zaidi za misuli kwa wakati mmoja na kuzifanya zivute kwa pamoja. Mafunzo hayo hayanunuliki. Nimewahi kusimama kando ya kijana aliyekuwa akichuchumaa na kilo 80 mabegani, ambaye aliamini kwamba mwili wake umegoma kwa kuwa kwa miezi mitatu hakuwa ameongeza hata kilo moja. Kila alipoinuka, magoti yake yaliingia ndani, visigino viliachana na sakafu, na uzito ukamvuta mbele hadi akawa amesimamia vidole. Hakuwa amefika ukomo wowote. Alikuwa akilala saa tano tu kwa usiku, na protini aliyokula haikukaribia gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, kiwango ambacho tafiti zimeonyesha kwamba huwatosha wengi wanaojenga misuli. Dawa ingemwezesha kunyanyua kilo 100 kwa mkao uleule mbovu.

Jambo la kano ndilo lenye nguvu zaidi katika hoja ya wanaotetea msingi. Msuli una damu nyingi na huitikia mazoezi ndani ya wiki chache, ilhali kano, ambayo hupata damu kidogo, huhitaji miezi mingi ili iwe imara zaidi. Kwa anayefanya mazoezi bila dawa, pengo hilo hubaki dogo kwa kuwa msuli wenyewe haukui kwa kasi ya ajabu. Steroidi hulipanua: msuli hupata nguvu ya kuvuta mzigo ambao kano iliyoushikiza kwenye mfupa haijazoea kuubeba, na ndiyo maana kukatika kwa kano za kifua na za mikono ni jeraha linalojulikana sana kwa watumiaji. Aliyejenga kwa miaka, akiongeza uzito kidogo kidogo, ana kano zilizokwisha kupita katika mizigo mingi, na hiyo ni faida halisi.

Sasa tuwasikilize wanaouliza kwa nini wasubiri, kwa maana hoja yao si ya kipuuzi. Mwaka 1996 ulichapishwa utafiti uliofanyika Marekani kwa wanaume 43 wenye uzoefu wa vyuma, ambao kwa wiki 10 baadhi yao walidungwa miligramu 600 za testosteroni kila wiki na wengine wakapewa sindano isiyo na dawa. Katika kila upande wakawapo waliofanya mazoezi na wasiofanya. Waliopata dawa bila mazoezi waliongeza wastani wa kilo 3.2 za uzito usio wa mafuta. Waliofanya mazoezi bila dawa waliongeza takriban kilo 2. Waliounganisha vyote viwili waliongeza kilo 6.1. Mtetezi wa njia ya asili anapaswa kuyapokea matokeo hayo bila kuyakwepa: dawa zinafanya kazi, na zinafanya kazi hata kwa mtu aliyekaa kitini. Uzito usio wa mafuta, ni kweli, unajumuisha pia maji, wala si sawa na nguvu ya kunyanyua, lakini anayesema kwamba steroidi ni upuuzi usioongeza kitu anapoteza imani ya msikilizaji wake siku ya kwanza. Kipimo kile pia si kidogo, kwani mwili wa mwanaume mwenye afya hutengeneza takriban miligramu 3 hadi 10 za testosteroni kwa siku.

Ugumu unakuja pale tunapouliza msingi unalinda nini hasa. Testosteroni kutoka nje inapojaa katika damu, haipothalamasi (sehemu ya ubongo inayosimamia homoni) na tezi ya pituitari iliyo chini yake huona kwamba kazi imekwisha kufanywa na huacha kutuma homoni zinazoziamuru korodani kutengeneza testosteroni na mbegu. Korodani husinyaa, mbegu hupungua au hukoma, na baada ya dawa kusimamishwa mfumo unaweza kuchukua miezi mingi kurejea, na kwa wengine usirejee kikamilifu. Tezi hiyo haijui kama mwenye mwili amechuchumaa kwa miaka sita au kwa wiki sita. Kwa wanawake, sauti iliyokwisha kuwa nzito kwa ajili ya dawa kwa kawaida hairudi, hata wawe na msingi imara namna gani.

Kuhusu moyo, upo ushahidi unaogusa hoja yetu moja kwa moja. Mwaka 2017 watafiti nchini Marekani walichapisha vipimo vya wanaume 140, wote wanyanyua vyuma wazoefu, 86 kati yao wakiwa wametumia steroidi na 54 wakiwa hawajazitumia. Katika kila pigo, chumba kikuu cha moyo cha wasiotumia kilisukuma nje wastani wa asilimia 63 ya damu iliyomo. Cha waliotumia kilisukuma asilimia 52. Utafiti wa namna hii, unaolinganisha watu waliokwisha kuchagua wenyewe, hauwezi peke yake kuthibitisha chanzo. Hata hivyo, pande zote mbili zilikuwa na msingi. Wote walikuwa na miaka ya vyuma nyuma yao, na miaka hiyo haikuwakinga watumiaji na tofauti ile.

Kwa hiyo nadhani ushauri huu una faida ambayo wanaoutoa huwa hawaitaji, na madhara wasiyoyaona. Faida yake ni kuchelewesha. Kijana wa miaka 17, ambaye ncha za mifupa yake huenda bado hazijafunga na ambaye steroidi zinaweza kuzifunga mapema na kukatisha urefu wake, akiambiwa asubiri hadi awe na miaka mingi ya mazoezi, amepewa muda wa kukomaa kimwili na kiakili. Maneno hayo huenda yakamwingia kuliko katazo kavu ambalo atalipuuza akitoka mlangoni. Madhara yake ni kwamba ushauri huo unageuza dawa kuwa darasa la juu: huku ni shule ya msingi, kule ni sekondari, na anayebaki huku ameshindwa kuendelea. Wapo wanaolitafuta hilo darasa kwa haraka, na baada ya mwaka mmoja na nusu hutangaza kwamba wamefika ukomo, wakijipima kwa miili ya watu ambao huenda walijengwa kwa sindano.

Ningependa tuendelee kuwashauri wajenge msingi, ila tuondoe lile neno «kabla». Anayenijia akisema kwamba amefika mwisho wa uwezo wake wa asili, huwa namwomba daftari lake la mazoezi. Wengi hawana. Walio nalo, tukilifungua pamoja, mara nyingi tunakuta majuma yaliyorukwa, uzito uleule ukirudiwa mwezi baada ya mwezi bila mpango wa kuuongeza, na siku za miguu zilizoachwa wazi. Tunaanzia kwenye kurasa hizo, na suala la sindano tunaliweka kando hadi zijae.