Kama Lettow-Vorbeck asingekuwepo, je, Ugogo ingeepuka Mtunya?

Wazee wa Ugogo wana jina moja kwa njaa iliyoanza mwaka 1917 na kudumu hadi karibu na 1920: Mtunya. Jina hilo nimelisikia tangu utotoni hapa Dodoma, lakini nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba njaa ile, inayokadiriwa kuua mtu mmoja katika kila watano wa Ugogo, haikuletwa na ukosefu wa mvua peke yake. Ilikuja nyuma ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Ndiyo maana kila ninaposoma sifa za Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, Mjerumani aliyeongoza majeshi ya nchi yake huku na anayetajwa kuwa hakushindwa, najiuliza vita vile vingekwendaje kama asingetua Dar es Salaam mwezi Januari 1914.

Heinrich Schnee, gavana wa koloni la Kijerumani hapa kwetu, hakutaka vita. Alitegemea Mkataba wa Berlin wa 1885, uliotoa nafasi kwa makoloni ya ukanda huu kutoegemea upande wowote mataifa ya Ulaya yakipigana, na alikuwa tayari kuiacha miji ya bandari bila ulinzi ili isipigwe mizinga. Lettow-Vorbeck, akiwa na askari Waafrika wapatao 2,500 na Wajerumani wasiofika 300, alifikiri kinyume kabisa: aliamini kwamba akiisumbua Uingereza huku, italazimika kuleta Afrika majeshi ambayo yangekwenda kupigana Ulaya. Novemba 1914, Waingereza walipoteremsha Tanga kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka India, alisafirisha watu wake kwa reli kutoka upande wa Moshi, akawarudisha baharini akiwa na wapiganaji kama 1,000 tu. Baada ya ushindi huo, sauti ya Schnee haikuwa na uzito tena.

Makoloni mengine ya Ujerumani yanatupa kipimo. Togo ilisalimu amri Agosti 1914, kabla vita havijatimiza mwezi mmoja. Afrika ya Kusini Magharibi, ambayo leo ni Namibia, ikafuata Julai 1915. Na Kamerun ikamalizika mapema mwaka 1916. Sioni sababu ya msingi kwa nini koloni letu, likiwa limezingirwa na Waingereza, Wabelgiji na baadaye Wareno, lingedumu zaidi ya hapo bila mtu huyu mmoja. Ni kweli kwamba Tom von Prince, ambaye wenyeji walimwita Bwana Sakarani tangu siku za vita dhidi ya Mkwawa, naye alikuwa na hamu ya kupigana, na pengine angeweza kuongoza ulinzi wa Tanga kama asingeuawa katika mapigano hayo hayo. Lakini kuulinda mji mmoja ni jambo tofauti na kuiburuta nchi nzima vitani kwa miaka minne.

Kwetu gharama ilianza kuonekana waziwazi mwaka 1916. Aprili, Jenerali van Deventer na askari wake wa Afrika Kusini, waliopigana upande wa Waingereza, waliingia Kondoa. Mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck aliwashambulia huko, baada ya kuleta majeshi yake kwa Reli ya Kati hadi Dodoma na kuyatembeza kaskazini. Mji wetu ukawa ghala la vita. Askari hula, wapagazi hula, na nyama na mtama waliokula vilitoka katika mazizi na maghala ya Wagogo, watu ambao ng'ombe kwao ndiyo akiba ya mwaka mbaya. Mwishoni mwa Julai Dodoma ikaangukia mikononi mwa Waingereza, nao wakaendelea pale pale Wajerumani walipoishia: ng'ombe wakachukuliwa, vijana wakachukuliwa kwenda kubeba mizigo. Mvua zilipokataa, hapakuwa na mifugo ya kubadilishana na nafaka wala mikono ya kutosha ya kulima.

Sisemi kwamba bila jenerali huyu mvua zingenyesha. Ugogo imejua ukame miaka yote, na imejifunza kuuvuka kwa mifugo, kwa undugu na kwa kwenda kuhemea chakula kwa majirani. Ninachoamini ni kwamba ukame ule ungewakuta watu wenye ng'ombe zizini na vijana nyumbani, na vifo visingefikia kiasi kile.

Hata lengo lake mwenyewe nalitilia shaka. Wengi wa wale waliomfukuza walikuwa Wahindi, Waafrika Kusini, Wanigeria na askari wa KAR (King's African Rifles), kikosi cha Waingereza cha askari Waafrika kilichokuzwa hadi watu wapatao 35,000. Wengi wao wasingepelekwa Ufaransa kwa vyovyote. Alipoipoteza Reli ya Kati alikuwa na kila sababu ya kijeshi ya kuweka silaha chini, lakini akazihamishia taabu hizo hizo kwa watu wa Mahenge, wa Songea, na kisha wa ng'ambo ya Ruvuma. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yao hukadiriwa kufikia 100,000.

Alisalimu amri Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, akiwa bado na jeshi lake. Siku hiyo Ugogo ilikuwa bado inazika watu wa Mtunya.