Nyimbo za Mae West si vijazio

Nimesoma makala kuhusu Mae West, yule mwigizaji wa Hollywood wa zamani aliyesifika kwa utani wa kimahaba. Eti nyimbo zake zilikuwa vijazio tu vya filamu, mapozi mengi sauti hamna, ndo mwandishi anavyotaka tuamini. Mi nakataa. Sauti kubwa hakuwa nayo kweli, ila ile ya puani, analivuta neno weee halafu analiachia katikati na kuguna kidogo, utamu wote uko hapo, maneno yenyewe ukiyasoma kwenye karatasi wala huoni cha kukufanya uzibe uso. Halafu mbona huyo mwandishi wimbo wa My Old Flame hajaugusa? Mwaka 1934 kwenye filamu ya Belle of the Nineties Mae aliwakomalia studio ya Paramount mpaka wakamchukua Duke Ellington, mwanamuziki mweusi wa jazz, na bendi yake, enzi ambazo weusi Hollywood walikuwa wanapewa nafasi za uyaya na kufungua milango, na baadaye Billie Holiday, mwimbaji mkubwa wa jazz, akaurekodi wimbo huohuo. Sasa kijazio gani hicho kinarekodiwa na Billie Holiday? Albamu yake ya roki ya 1966 sawa, bibi wa miaka 70 na ushee anaimba Day Tripper ya Beatles, hata mi niliizima mara ya kwanza, nikarudia kesho yake nikacheka peke yangu kwenye daladala. Kuna mwingine humu aliyeimaliza yote?