Mnasihi hakunipa nasaha

Eda ya talaka ilikwisha, usingizi haukurudi. Kila saa nane za usiku macho kavu, nasikiliza feni. Ushauri nilikuwa nao tele: mama mkubwa kasema nisubiri, somo wangu kasema nijipambe nitoke, jirani wa Kikwajuni kaniletea kombe, maji ya aya, ninywe. Nikenda kwa mnasihi, mtaalamu wa ushauri nasaha, kutafuta ushauri mwengine.

Nikamwaga yote, nikanyamaza kumsubiri. Naye kanyamaza. Mwisho akaniuliza, "Hiyo saa nane, bibie, kitu cha kwanza kukujia ni kipi?" Nilikasirika. Nauli yote ya daladala, nije kuulizwa maswali!

Nadhani jina ndilo linalotupotosha. Tukisikia ushauri nasaha twangojea hukumu kama ya barazani. Tangu miaka ya 1940 mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, alishikilia kwamba mwenye tatizo ndiye ajuaye linamuuma wapi. Kazi ya mnasihi ni kumsikiliza bila kumhukumu.

Siku ya kwanza tarajia maswali, kwa muda wa saa moja hivi: unalala vipi, unakula, umewahi kufikiria kujidhuru? Hilo la mwisho lisikutishe, kuulizwa hakumtii mtu wazo kichwani. Kuhusu siri, mji wetu wa Unguja tunaujua, ukipiga chafya Malindi wanakuitikia Darajani. Mwambie akueleze mapema siri yako inaishia wapi. Wangu aliniambia wazi: maisha yangu au ya mwengine yakiwa hatarini, au mtoto akiwa anadhuriwa, hatonyamaza.

Akanipa daftari niandike yanayonipitia usiku. Wiki nzima nimeandika, na jina la yule bwana aliyeniacha limetokea mara mbili tu! Kurasa zilizobaki zote ni harusi za watu nitakazoalikwa: nitakaa wapi, mawifi watanitazama vipi, nani atanong'ona. Kumbe kilichokuwa kikiniamsha ni macho ya watu. Hilo mama mkubwa asingeweza kuniambia, maana na yeye ni mmoja wa hao watu.

Kuna siku nilitoka kwa mnasihi hoi kuliko nilivyoingia, kichwa kinagonga. Nyiradi zangu sikuziacha, wala hakunitaka niziache. Wapo wanaonitania kwamba bado hatua mbili nifike Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili. Waambieni huko nako wanatibiwa wagonjwa, kama wa malaria.

Juzi nimeamka saa kumi na nusu. Alfajiri karibu inaadhiniwa, nikaona bora nikakande unga.