Lampi ya kufukuza mbu, kumbe ya kuita

Bandugu, mucheke tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka.

Siku ile bakwe balikuya kuongelea mahari ya dada yetu, huku kwetu Himbi, mutaa wa Goma, parseli yetu inashuka mpaka karibu na ziwa Kivu. Chakula iko tayari, giza inaingia, kuran (umeme) ikaenda. Hakuna mwenye alishituka, Goma tunajua. Baba akasema tutoke inje kuna upepo, na mimi njo nikatoa silaha yangu: lampi ya kampingi ya kuchaji na jua, nilinunua Birere, mwangaza mweupe ule wa kupofusha, na muuzaji alinihakikishia "kaka, mbu ikiona hii inakimbia." Nikaitundika kwenye avoka, juu kabisa ya meza, nikapandisha mwangaza mpaka mwisho.

Dakika tano hazikuisha. Kikakuya kipepeo kimoja cha usiku, nikasema sawa, naye ni mugeni. Kisha vidudu vidogo vidogo vya ziwa vikashuka kama mvua, kwenye sombe (majani ya muhogo), kwenye sambaza (samaki ndogo za ziwa), kwenye glasi ya bia ya muzee musemaji wa upande wao. Alikuwa anasema "tumeona ua zuri hapa kwenu", kidudu kikaingia kinywani, akakimeza, akaendelea. Muntu wa heshima kweli.

Na mimi mutoto wa ziwa! Kila usiku naona bavuvi bamefunga pirogi tatu pamoja, batundike malampi juu ya maji, vidudu vinafuata mwangaza, sambaza inakuya, bavute wavu (sambaza yenyewe ni mugeni, ililetwa toka Tanganyika karibu mwaka 1959, lakini ilizoea mbio). Tangu nizaliwe naangalia taa ikiita viumbe, halafu siku ya bakwe natundika taa ili ifukuze.

Mbu nayo haikuwa hata na shida na taa. Ile inafuata pumzi na harufu ya miguu, kwa hiyo ilikuwa chini ya meza, penye giza, inakula bakwe. Muzee anasema "ng'ombe mbili", paa! anajipiga mguu, "na mbuzi tatu", paa!

Mama mukubwa akasema ninyi vijana hamujui kitu. Akaleta mbabula ya makala, akaijaza majani mabichi ya karatusi. Moshi ukakuwa wa volkano yetu Nyiragongo. Mbu zikapungua, na bantu pia, maana hatukuonana tena. Baba, mwenye kulia hata na kitunguu ya jirani, machozi yakamuchuruzika mpaka kwenye shati. Bakwe bakanyamaza, bakanongonezana, musemaji akakohoa: "Muzee mwenzangu, tusiumizane, tunaongeza mbuzi moja." Baba hakusikia hata, alikuwa anatafuta kitambaa. Akajipangusa, upepo ukarudisha moshi, machozi tena. "Basi, mbuzi mbili!" Nikataka kufafanua, mama akanikanyaga mguu.

Bwana harusi mwenyewe njo alituokoa: akachukua lampi yangu akaipeleka kule mbali kwenye ukuta, mezani akaacha kalampi kadogo ka njano kenye mwangaza hafifu. Vidudu vyote vikahamia ukutani. Bakwe tukabapa soksi za nyumbani, bakazivaa na mapapa (ndala), tukamaliza kula.

Kesho yake muvuvi jirani alinunua ile lampi bila hata kujadili bei. Na zile mbuzi mbili za mwisho zilifika: moja tunaiita Karatusi, ingine Moshi.