Mrija wa Nguzoni au Kihisi cha Kisasa? Namna Halmashauri za Uingereza Zinavyopima Hewa

Katika miji ya Uingereza, kwenye barabara zenye magari mengi, nguzo za taa hubeba kitu ambacho wapita njia wengi hawakioni. Ni kimrija cha plastiki angavu, kirefu kama kidole, kilichofungwa wima mita mbili hadi nne kutoka chini, mdomo ukiwa umeelekea chini. Hakina umeme wala betri. Ndani ya kifuniko chake cha juu mna vijiwavu vya chuma vilivyopakwa triethanolamini, kemikali inayonasa naitrojeni dioksaidi, gesi itokayo hasa kwenye injini za dizeli. Baada ya wiki nne au tano afisa hukifunga, huandika saa aliyokitoa, na kukipeleka maabara. Huko wavu huoshwa na kuongezewa kemikali nyingine, maji yakawa ya zambarau. Kadiri rangi inavyokolea, ndivyo gesi iliyonaswa ilivyo nyingi.

Mirija hii ndiyo imebeba sehemu kubwa ya kazi ambayo Sheria ya Mazingira ya mwaka 1995 ilizipa serikali za mitaa: kupima hewa, kutangaza eneo la usimamizi wa ubora wa hewa pale kiwango cha uchafuzi kinachoruhusiwa kinapovukwa, kisha kuandaa mpango wa hatua na kutoa ripoti kila mwaka. Sasa vihisi vidogo vinavyotuma takwimu kila baada ya dakika chache vimeshuka bei, na wakazi wanauliza kwa nini halmashauri inasubiri mwezi mzima kupata namba moja. Swali hilo ni la haki na linastahili kujibiwa kwa kina.

Wanaoutetea mrija huanza na gharama. Mmoja ni pauni chache tu pamoja na kazi ya maabara, kwa hiyo halmashauri ndogo inaweza kuweka hamsini, na kwa naitrojeni dioksaidi wingi wa sehemu una maana kubwa. Gesi hii hupungua haraka ukisogea mbali na ukingo wa barabara. Kituo kimoja cha kudumu kinachopima mfululizo hakiwezi kukueleza tofauti iliyopo kati ya makutano yenye foleni na mtaa wa nyuma yake. Tena kiwango cha kisheria chenyewe, mikrogramu 40 kwa mita ya ujazo, ni wastani wa mwaka. Vipimo 12 vya mwezi vinatosha kuukokotoa.

Udhaifu wake hauko mbali. Upepo ukivuma mdomoni, hewa huchanganyika ndani na gesi hufika kwenye wavu upesi kuliko inavyopaswa, hivyo mrija hutoa namba kubwa kuliko hali halisi. Ndiyo maana kila namba huzidishwa kwa kigezo cha marekebisho. Kigezo hicho hupatikana kwa kufunga mirija mitatu kando ya mdomo wa kuvutia hewa wa kituo cha rejea, yaani kituo cha kudumu kinachopima kwa usahihi mkubwa, kisha kugawa wastani wa kituo kwa wastani wa mirija. Tuseme mrija umesoma 46. Kwa kigezo cha 0.82 unapata 37.7, na mtaa uko salama kisheria. Kwa kigezo cha 0.88 unapata 40.5, na halmashauri inalazimika kuchukua hatua. Hatima ya mtaa mzima imekaa ndani ya tofauti hiyo ndogo! Halmashauri isiyo na kituo chake hutumia kigezo cha kitaifa, nacho hutegemea maabara na namna ilivyoandaa kemikali. Hata baada ya marekebisho, kosa la asilimia 25 juu au chini huhesabiwa kuwa la kawaida. Kuna pia makosa ya mkono: mrija uliofungwa juu ya bomba la moshi wa boila, mrija uliofunikwa na majani ya mti kiangazi kinapofika, saa isiyoandikwa, au mirija iliyoibwa. Miezi iliyopotea ikizidi mitatu, wastani wa mwaka hauwezi kutumika mpaka ukadiriwe upya kwa kulinganisha na vituo vinavyopima mfululizo.

Upande wa vihisi una hoja moja ambayo mrija hauwezi kuijibu. Mrija hauoni saa. Hauoni magari yanayosubiri watoto getini huku injini zikinguruma, wala moshi wa jiko la kuni saa mbili usiku. Na chembechembe laini zinazoitwa PM2.5, ambazo huingia ndani kabisa ya mapafu, mrija huo hauzipimi hata kidogo. Hoja ya pili ni haki ya kujua. Ella Adoo-Kissi-Debrah, mtoto wa miaka 9 aliyeishi karibu na barabara ya South Circular kusini mwa London, alifariki mwaka 2013. Desemba 2020 mchunguzi wa vifo aliamua kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo chake, na akaeleza kuwa mama yake hakupewa taarifa juu ya hatari hiyo. Takwimu inayotolewa mwaka unaofuata haimsaidii mzazi wa mtoto mwenye pumu leo.

Lakini takwimu ya haraka si lazima iwe sahihi. Kihisi cha chembechembe huhesabu mwanga unaotawanywa na vumbi. Unyevu ukikaribia asilimia 85 na zaidi, chembe hufyonza maji na kuvimba, na asubuhi ya ukungu inaonekana kama janga. Kihisi cha naitrojeni dioksaidi nacho huchanganya gesi hiyo na ozoni, na usomaji wake huhama polepole kadiri miezi inavyopita. Dawa ipo: kifungwe kando ya kituo cha rejea angalau wiki mbili kabla ya kupelekwa mtaani, kirudishwe hapo tena baadaye, na zoezi lirudiwe majira yakibadilika. Kazi hiyo inahitaji mtu na muda, na bajeti nyingi huishia kwenye kununua kifaa.

Kwa hiyo mrija ubaki palipo na uamuzi wa kisheria juu ya naitrojeni dioksaidi, na vihisi vichache vinavyotunzwa vyema viwekwe shuleni na kwenye mitaa ya majiko ya kuni. Vihisi thelathini visivyo na mtunzaji vitaleta mabishano tu.

Kuna kikwazo kingine, na hiki hakuna kifaa kitakachokitibu. Katika sehemu za England zenye ngazi mbili za serikali za mitaa, halmashauri ya wilaya ndiyo yenye jukumu la kupima na kutangaza eneo, ilhali barabara na taa zake za kuongozea magari ziko mikononi mwa halmashauri ya kaunti. Barabara kuu za kitaifa zina mwenyewe tofauti kabisa. Sheria ya Mazingira ya 2021 imewabana wadau hawa washirikiane kwenye mpango wa hatua. Anayesoma ripoti ya halmashauri yake, inayopaswa kuwasilishwa ifikapo Juni 30, aruke kwanza majedwali ya vipimo. Atafute jedwali la hatua, aone kila mstari umeandikwa jina la nani, tarehe ipi na fedha kutoka wapi.