Tela Jepesi Mbele Ndilo Linaloua

Jumamosi asubuhi, hapa Mwanza, nilitoka Mkuyuni naelekea Usagara. Nilipokaribia Buhongwa nikajikuta nyuma ya pikapu inayovuta boti ndogo ya tanga, ya faiba, kama futi 19 hivi, juu ya tela lililochomelewa mtaani. Mlingoti ulikuwa umelazwa na kufungwa kwa kamba ya manila, ncha imechomoza nyuma zaidi ya mita 2, hata kitambaa chekundu hakuna. Na ndani ya boti, kule mwisho kabisa ubavuni mwa injini, alikuwa amekaa kijana ambaye sidhani kama amefika miaka 20. Ameukumbatia mlingoti usichezecheze.

Tela lilikuwa linatikisa mkia. Linavuta kushoto, linarudi kulia, linatulia kidogo, linaanza tena. Bodaboda mmoja mwenye abiria alitaka kulipita, akaghairi na kuchepukia kwenye vumbi karibu na meza za mama wauza matunda. Nilipiga honi na kuwasha taa mpaka wakasimama.

Dereva alishuka vizuri tu, mstaarabu. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, mzigo huu nani kakupangia?"

"Fundi mwenyewe, mzee. Tela liko safi. Wakati tunalifunga nimelinyanyua mbele kwa mkono mmoja, jepesi kabisa."

Kauli hiyo ndiyo imenifanya niandike, kwa sababu nimeisikia Igoma, nimeisikia Kirumba, nimeisikia kwa watu wenye boti za mamilioni. Wanaisema kama sifa. Fundi anakunyanyulia kichwa cha tela kwa vidole viwili, wote mnafurahi, unalipa, unaondoka.

Nimelifikiria sana jambo hili na naamini najua tumelitoa wapi. Tumelitoa kwenye mkokoteni. Nenda soko la samaki la Mwaloni alfajiri uwatazame vijana wa mikokoteni wanavyopanga matenga ya dagaa: mzigo lazima ukae juu ya ekseli, mbele na nyuma vilingane kama mizani, la sivyo mkono wa mkokoteni utamnyanyua juu au utamvunja mgongo. Wako sahihi kabisa. Mkokoteni unakwenda mwendo wa mtu. Fundi anayechomelea tela amekua akiona mikokoteni, anaweka ekseli katikati, boti inalingana, anaridhika. Lakini hakuna anayesukuma mkokoteni kwa kilomita 80 kwa saa.

Kwa mwendo wa gari, tela linataka kuwa zito mbele. Kanuni inayotajwa na wengi ni karibu asilimia 10 ya uzito wote, yaani boti, tela na kila kilichomo. Boti na tela vikiwa na kilo 700, pale kwenye ndoano, tela linapoungana na gari, pakalie kilo 60 au 70. Uzito huo ndio unaolishika tela lifuate gari. Ukiuondoa, nyuma ya boti inageuka pendulamu: kitu kidogo tu, shimo, upepo wa basi linalokupita, kinaisukuma pembeni, inarudi, na ikiwa mwendo ni mkubwa kila inaporudi inakwenda mbali zaidi ya mara ya kwanza. Na uzito ukizidi nyuma ya ekseli, ndoano inavutwa juu. Inalinyanyua gari lenyewe, matairi ya nyuma yanapoteza kushika barabara, na hapo usukani haukusaidii.

Sasa mpigie hesabu yule kijana. Yeye kilo 60, injini kilo 40, jumla kilo 100. Wamekaa kama mita 3 nyuma ya ekseli, na ndoano iko mita 4 mbele yake. Kilo 100 mara 3, gawa kwa 4: wanaiinua ndoano kwa nguvu ya kilo 75. Hata kama fundi angeacha kilo 70 mbele, zote zingekuwa zimekwisha. Kijana wa watu amewekwa pale awe usalama, kumbe yeye ndiye hatari, na likipinduka wa kwanza kufa ni yeye.

Haya siyasemi kwa kusoma tu. Boti yangu niliileta kutoka Dar, safari ya zaidi ya kilomita 1,100, mimi na shemeji. Hadi Singida tela halikutusumbua hata kidogo. Singida tukanunua maji, tukajaza madumu, na nanga pamoja na mnyororo wake tukaisogeza nyuma karibu na injini kwa sababu huko ndiko kulikuwa na nafasi. Tukafika Sekenke. Kwenye kuteremka, tela likaanza kucheza. Nikakanyaga breki. Hilo ndilo kosa ambalo hadi leo likinijia usiku naamka, maana gari lilipopunguza tela halikupunguza, likatusukuma kwa ubavu. Shemeji alikuwa anasema "Mungu wangu, Mungu wangu" kwa sauti ndogo sana. Tuliishia gurudumu moja ndani ya mtaro, upande wa mlima. Ingekuwa upande wa pili nisingekuwa naandika. Dereva wa lori aliyesimama kutusaidia alizunguka tela mara moja, akashika nanga kule nyuma, akasema, "Huu mzigo pelekeni mbele." Tukapeleka. Kutoka pale hadi Mwanza, kupita Igunga, Nzega na Shinyanga, tela lilikwenda kama limechorwa.

Likianza kucheza, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke, liache lipungue lenyewe. Usikanyage breki kwa nguvu, na usiongeze mwendo ukidhani utalinyoosha.

Kuna watakaoniambia kwamba wavuvi wanasafirisha mitumbwi kwenye malori kila siku, na inafika. Sawa, inafika. Lakini mtumbwi ulio juu ya lori ni mzigo wa lori, hauna magurudumu yake wala mkia wa kuchezea barabarani. Wengine watasema mikanda ya kukazia ni ghali. Ni kweli, minne ya maana si bei ya mchezo, na kamba ya manila nzuri iliyofungwa na mtu anayejua inaweza kukufikisha. Ila kamba inalegea njiani, na mtu wa kamba lazima asimame mara nyingi zaidi. Winchi ya mbele ni ya kuipandishia boti, haifungi boti. Nyuma nako kufungwe.

Lakini kupima uzito wa mbele hakuna gharama, na hapo sikubali kisingizio. Mji huu umejaa mizani. Mizani ya kuning'iniza ya kilo 100, ile ya kupimia sangara, inatosha kabisa. Zuia magurudumu kwa mawe, pitisha mti imara mabegani mwa watu wawili, ning'iniza mizani, ifunge kwenye kichwa cha tela, nyanyueni mpaka usawa wa ndoano ya gari, soma. Dakika 5. Ikisoma kilo 15, isogeze boti mbele au mwambie fundi arudishe ekseli nyuma. Ikigonga mwisho wa 100, umezidisha, maana mbele ya gari itakuwa nyepesi na usukani utaelea.

Mengine mnayajua. Beringi zikitoka barabarani na moto, ziache zipoe kabla ya kuzitumbukiza ziwani, la sivyo habu, kile kitovu cha gurudumu, inafyonza maji na grisi inaharibika. Mlingoti ushushwe kabla ya kuondoka ufukweni, nyaya za umeme hazisamehe alumini. Minyororo ya akiba, ya kulishika tela ndoano ikiachia, ipishane chini ya ndoano. Uzito wa boti ubebwe na mkuku, ule uti wa chini wa boti, si na mbao za pembeni.

Sisi watu wa ziwa hili hatukustahili kufundishwa habari za uzito. MV Nyerere, kile kivuko kilichopinduka, ilisajiliwa kubeba watu 101. Siku ile ya tarehe 20 Septemba 2018, karibu na gati la Ukara, ilikuwa na zaidi ya mara 2 ya hao, na tukazika watu zaidi ya 220. Tangu hapo mtu akipanda boti anauliza boya. Boti hiyo hiyo ikipanda barabara, ikapita mbele ya shule na magenge ya mama ntilie, hakuna anayeuliza kitu. Inaniuma.

Pale Buhongwa tulihamisha injini ikaingia kwenye pikapu, na madumu mawili ya mafuta yakafuata. Kijana akakaa ndani na dereva. Mlingoti tuliufunga sehemu tatu, shati jekundu la mtu likawa bendera. Mizani sikuwa nayo garini, lakini tulipolifungua tela ili kulijaribu, mimi na dereva tulilinyanyua wawili na tukahema. Walikuwa wanakwenda Sengerema, na nilikuwa nawaza lile daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, upepo wa ziwa ukikupiga ubavuni.

Niliwafuata taratibu. Tela halikucheza. Njiapanda ya Usagara walisimama kama nilivyowaomba, kijana akashuka, akapitia fundo moja moja, lile la nyuma akalikuta limelegea, akalifunga upya. Kisha wakakata kulia kuelekea Kigongo.