Sikukuu Yenu, Wananchi Wenzangu

Kila Julai 4, siku ya uhuru wa Marekani, inapokaribia, sentensi zilezile za Frederick Douglass, mtumwa wa zamani aliyegeuka mpinzani wa utumwa, huanza kusambaa upya: "Tarehe nne ya Julai ni yenu, si yangu. Ninyi mwaweza kushangilia. Mimi sina budi kuomboleza." Wengi huishia hapo. Wakiishia hapo hubaki na swali moja la kubishania: mtu huyu alikuwa anaikana Marekani, au alikuwa anaidai?

Hotuba yenyewe ilitolewa Julai 5, 1852, mjini Rochester, New York, katika ukumbi wa Corinthian. Waliomwalika ni chama cha wanawake waliopinga utumwa. Douglass alikuwa ametoroka utumwani Maryland mwaka 1838, na hata uhuru wake wa kisheria ulipatikana baada ya marafiki wa Uingereza kumlipa bwana wake fedha mwaka 1846.

Wanaosema alikuwa anaikana nchi ile wana hoja nzito, na siwalaumu. Sarufi iko upande wao. Vimilikishi vya nafsi ya pili vimeijaza hotuba tangu mwanzo: uhuru wenu, baba zenu, sikukuu yenu. Hata anapowasifu waasisi wa taifa kwa ushujaa wao, anawasifu kama baba wa watu wengine. Halafu anaichukua Zaburi ya 137, "Kando ya mito ya Babeli ndiko tulikoketi," wimbo wa mateka wanaotakiwa na waliowateka wawaimbie. Hayo yote anayasema miaka miwili tu baada ya Sheria ya Watumwa Watoro ya 1850, iliyomlazimisha hata raia wa kaskazini asiyemiliki mtumwa kusaidia kumkamata aliyetoroka. Aliyesikia haya na kuondoka akisema "huyu ametutupa mkono" hakuwa kiziwi.

Lakini usomaji huo huliruka neno ambalo Douglass analiweka mbele kabisa na kulirudia kila anapobadili hatua: anawaita wasikilizaji wake raia wenzake, "fellow citizens". Mtu akilisoma kwa Kiingereza hulipita haraka, maana linafanana na salamu ya kawaida ya mzungumzaji jukwaani, na umilikishi hauonekani ndani yake. Nilipojaribu kuitafsiri aya ile ndipo niliponaswa. Kiswahili hakina "mwenza" wa kuelea hewani katika mwito kama huo. Lazima useme ni mwenza wa nani. Nikajikuta nimeandika "wananchi wenzangu", na mistari michache chini yake "sikukuu yenu". Soma maneno hayo mawili pamoja kwa sauti. Wenzangu, yenu. Asiyejihesabu miongoni mwa watu hasemi wenzangu. Anayesema wenzangu kisha akasema yenu anawaonyesha wenzake kitu walichojigawia bila yeye.

Wala haikuwa salamu ya bure. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mtu mwenye asili ya watumwa wa Kiafrika hawezi kuwa raia wa Marekani. Suala lile lile lililokuja kuwafikia majaji, Douglass alikuwa ameshalitolea kauli miaka mitano kabla, katika mwito tu, bila hata kuliundia sentensi.

Jambo la pili ni kinaya. Douglass anatangaza kwamba wakati ule haukuhitaji hoja za kushawishi bali kinaya chenye kuunguza. Wanaoona alikuwa amekata tamaa huipenda sana kauli hiyo: amechoka kubishana, sasa anachoma tu. Ila tazama anachofanya pale pale. Anauliza kwa swali la balagha kama ni lazima athibitishe kwamba mtumwa ni mtu, anasema hilo limeshakubaliwa, halafu analithibitisha kwa namna ambayo sijaona anayeweza kuipangua. Katika jimbo la Virginia, anasema, kuna makosa 72 ambayo mtu mweusi akiyatenda hunyongwa. Katika hayo, ni mawili tu yanayompa mtu mweupe adhabu hiyo hiyo.

Takwimu hii imenikaa kichwani miaka mingi. Msomaji wa leo akiiona hukimbilia tofauti, yale makosa 70 yaliyozidi, na kuona ubaguzi. Ni kweli, upo wazi. Lakini Douglass hajengi hoja yake juu ya 70. Anaijenga juu ya 72. Sheria humtishia kifo yule inayeamini anaweza kuelewa katazo, kulipima, na kuchagua kulitii au kulivunja. Jembe halishtakiwi. Kwa hiyo kila kifungu kilichotungwa Virginia ili kumtisha mtumwa kilikuwa ushahidi wa watunga sheria wenyewe kwamba mbele yao wana mtu mwenye akili na dhamiri. Kisha anaongeza sheria zilizokataza kumfundisha mtumwa kusoma, na kuwataka wamwonyeshe sheria ya aina hiyo iliyotungwa kwa ajili ya wanyama wa porini.

Hiyo ni hoja iliyovikwa kinaya, na kazi kama hiyo haifanywi na mtu aliyekwisha funga mizigo. Anayeondoka hakai kukusomea vitabu vyako vya sheria kifungu kwa kifungu.

Upande wa pili bado una jibu, na jibu lao la nguvu linahusu katiba. William Lloyd Garrison, aliyekuwa mwalimu wa Douglass katika harakati, aliiona katiba kuwa mkataba na wenye watumwa, na Julai 4, 1854 aliichoma nakala yake hadharani huko Framingham, Massachusetts. Kwa historia ya waliotunga vifungu vya kuwarudisha watoro na vya kumhesabu mtumwa kwa sehemu tatu kati ya tano za mtu, nadhani Garrison alisoma sawasawa. Douglass, aliyeachana na msimamo huo mwaka 1851, aliiita katiba ile ile hati tukufu ya uhuru. Alishikilia maneno yaliyoandikwa, na katika maneno hayo neno "mtumwa" halikuwamo wakati ule. Ni usomaji wa mwanasarufi, na niko tayari kukubali kwamba ulihitaji imani kubwa kuliko ushahidi uliokuwepo.

Imani hiyo inaonekana mwishoni, sehemu ambayo wanaosambaza dondoo karibu kila mara huikata. Baada ya picha yote ya giza, Douglass anasema hajaikatia tamaa nchi hii. Ukurasa baada ya ukurasa alikuwa amesema yenu, wenu, zenu. Hapa hasemi nchi yenu, na hajafika pa kusema nchi yetu. Anasema nchi hii, kama mtu anayegusa kwa kidole ardhi aliyosimama juu yake.